Walioshika Funguo

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilimkabidhi daktari mmoja funguo za hospitali ya Mathari. Jina lake John Colin Carothers. Alizaliwa Afrika Kusini, akaja Kenya 1929 kama daktari wa serikali, na wakati anapewa wagonjwa wa akili hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikuwa daktari tu, kama yule wa homa na mguu uliovunjika. Mathari yenyewe ilianza 1910 mahali walipokuwa wakitengwa wagonjwa wa ndui, na ndani yake Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja alikuwa na upande wake. Mpaka leo ukitaka kumtusi mtu pale Nairobi unamwuliza alitoroka Mathari lini.

Carothers alikaa pale hadi 1950. Katika miaka hiyo aliona jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, lina maana kuliko mengine yote aliyoandika: kati ya Waafrika waliolazwa, wale walioajiriwa mbali na kwao walikuwa wengi mno ukilinganisha na waliobaki nyumbani. Alilichapisha hilo 1947.

Sasa wewe na mimi tungeuliza swali la kawaida kabisa. Hao watu walikuwa wanalala wapi? Tangu 1910 sheria ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake mahali pa kulala, na mjini mahali hapo palihesabiwa kwa kitanda. Familia haikuwa kwenye hesabu. Chumba kimoja, wanaume kadhaa, mke amebaki kijijini. Kazi ikiisha na kitanda kimeisha. Kipande kilikuwa kinaning'inia shingoni hadi 1947, mwaka ule ule wa utafiti.

Carothers hakufuata njia hiyo. Alisema shida ni Mwafrika kung'olewa kwenye mila zake, na baadaye akaenda mbali zaidi. Katika kitabu alichoandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 alimfananisha Mwafrika mzima, mwenye afya, na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Nilisoma hiyo PDF kwa simu, usiku, stima ikiwa imepotea, na nikarudia ukurasa mara mbili nikidhani nimeelewa vibaya. (Chuo niliacha mwaka wa pili. Siku hizi maktaba yangu ni hiyo simu.)

Mwaka uliofuata serikali ilimwita tena, safari hii imweleze Mau Mau ni ugonjwa gani. Ripoti yake ilichapishwa na mpigachapa wa serikali, Nairobi, 1954. Humo, pamoja na maelezo mengi kuhusu akili ya Mkikuyu, aliunga mkono Wakikuyu waliozoea kukaa wametawanyika, kila mtu na shamba lake, wakusanywe vijijini. Serikali ilikuwa tayari inaelekea huko, kwa hiyo sitasema yeye ndiye aliyevumbua vijiji vya dharura. Lakini daktari wa akili aliandika dawa, na dawa ilikuwa nyumba. Katika muda wa mwaka mmoja hivi zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa kwenye vijiji zaidi ya 800, na ukiuliza shosho yeyote wa Murang'a atakutajia handaki, miti iliyochongwa na saa ya kafyu.

Kila kijiji cha aina hiyo kilikuwa na lango, na kila lango lilikuwa na mtu. Huyo mtu ndiye anayenikosesha usingizi mimi. Home gadi, karani, hedimani wa lokesheni, askari wa zamu. Aliyehesabu watu jioni. Aliyejua nani hayuko. Usiku mwingine alifunga mlango akijua kuna mama amebaki nje, naye mama yule ni jirani yake wa tangu utotoni. Ukisoma maandishi ya wakati huo utakuta kurasa nyingi kuhusu akili ya aliyefungiwa. Kuhusu akili ya aliyefunga ni kimya. Na si kwamba walimwonea huruma wakanyamaza. Hawakufikiri kuna kitu cha kuuliza. Yeye alikuwa upande wa funguo.

Mtu aliyeuliza alikuwa mbali, Algeria. Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique, alifanya kazi katika hospitali ya Blida-Joinville kati ya 1953 na 1956, vita vikiendelea. Katika kitabu chake cha 1961, kile ambacho kwa Kiswahili kiliitwa Viumbe Waliolaaniwa, anamtaja Carothers na kumpinga waziwazi. Lakini sehemu ninayoirudia mimi ni ya yule inspekta wa polisi Mzungu. Kazi yake ilikuwa kutesa wafungwa. Akirudi nyumbani anampiga mke, anapiga watoto, hata yule mdogo kabisa. Akaenda kwa Fanon kutafuta matibabu, na alichotaka si kuacha kazi. Alitaka asaidiwe aendelee kutesa kwa moyo mtulivu.

Siwalinganishi. Mtu wa kukusanya kodi si mtesaji, na nikisema hivyo nitakuwa nimewatukana watu ninaowajua. Ninachotoa kwa Fanon ni kitu kidogo: alikubali kwamba kazi inaweza kumharibu aliyeishika, siyo tu aliyefanyiwa. Na pia kwamba unaweza kumtibu mtu ili arudi kazini, kumbe kazi ndiyo ugonjwa.

Kenya tulikuwa na mmoja aliyekaribia kusema hivyo akiwa ndani ya ofisi. Thomas Askwith, mpiga makasia wa Uingereza kwenye Olimpiki za 1932 na 1936, alikuwa afisa wa masuala ya Waafrika katika manispaa ya Nairobi miaka ya 1940, maana yake lokesheni zote zile za vitanda zilipita mezani kwake. Wakati wa dharura akapewa kuongoza urekebishaji wa wafungwa wa Mau Mau. Alipolalamika kuhusu kipigo kambini, mwaka 1957 akaondolewa kwenye kazi hiyo. Yeye alikuwa Mzungu, ana cheo, ana jina, tunaweza kumsoma. Makarani wake Waafrika tunawakuta kwenye nyaraka kama vyeo tu.

Ukirudi nyuma zaidi, hii kazi ya kusimamia nyumba za watu maskini ina mama yake, na habari zake zimeandikwa vizuri. Anaitwa Octavia Hill. Mwaka 1865, London, kwa pesa za mwandishi John Ruskin, alichukua nyumba chache zilizochakaa mtaa wa Marylebone, akaanza kuzipangisha kwa masharti yake. Kila wiki yeye mwenyewe au mwanamke aliyemfunza anabisha hodi, anachukua kodi, anaangalia bomba, anauliza mtoto anaendeleaje. Deni halivumiliwi. Ukikosa kulipa unatoka. Alikuwa mkali, na mambo mengine aliyoyaamini kuhusu maskini siyakubali hata kidogo. Lakini maafisa wa nyumba wa Uingereza bado wanamhesabu kuwa ndiye aliyeanzisha kazi yao.

Mwaka 1877 Octavia Hill alivunjika. Kazi nyingi, uchumba uliovunjika, Ruskin kumgeuka. Vyote vikaja pamoja. Akaacha kila kitu, akasafirishwa ng'ambo, Ulaya bara, kupumzika kwa miezi. Majumba yake yakabaki kwa wanawake aliowafunza. Kodi iliendelea kukusanywa. Baadaye akarudi, akafanya kazi karibu hadi kifo chake 1912.

Mtu wa kwanza kabisa wa kazi hii, aliyeifanya kwa kuipenda, mwenye marafiki matajiri na watu wa kumshikia zamu, ilimvunja. Halafu kazi ikapelekwa kwa mtu asiye na hata kimoja kati ya hivyo vyote, na ikachukuliwa kwamba yeye ataweza.

Nakuru wanaijua hiyo kazi. Bondeni, Kaloleni, Kivumbini, Flamingo: mitaa ya manispaa, nyumba za kanjo. Baada ya uhuru serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa, 1967, kutoka kwenye Bodi Kuu ya Nyumba ya wakati wa mkoloni, na mabaraza ya miji yakawa yanajenga kwa mikopo. Lokesheni ikaitwa esteti. Bendera ikabadilika, na mtu wa kugonga mlango kwa ajili ya kodi akabaki na daftari. Neno kanjo lenyewe linakuonyesha watu walimweka wapi. Limetoka kwenye kaunsili, lakini ukilitamka mtaani leo mama wa mboga anakusanya vitu vyake kwanza halafu ndiyo anageuka kuangalia. Hebu fikiria kuvaa hilo jina kila asubuhi. Unaishi mtaani mle mle unamodai. Watoto wako wanasoma na watoto wa wadaiwa. Ofisini unaulizwa mbona makusanyo yamepungua. Mtaani unaulizwa mbona choo hakijatengenezwa tangu mwaka juzi, na pesa ya choo huna wewe.

Kisha ikaja ugatuzi, 2013, na hapa kuna kitu ambacho sijui kwa nini hakisemwi zaidi. Katiba ya 2010 iliipa kaunti nyumba, na ikaipa kaunti afya. Kwa hiyo muuguzi wa wagonjwa wa akili na afisa wa nyumba wana mwajiri mmoja. Mshahara wao unatoka mfuko mmoja, wanaweza kukutana foleni ya kaunti wakifuatilia makaratasi. Kama kuna mwajiri Kenya ambaye hana kisingizio cha kusema huduma iko mbali, ni huyo.

Sheria nazo zimesogea, tuseme ukweli. Ya afya ya akili ilikuwa ya kikoloni kwa muda mrefu, ikabadilishwa 1989, ikarekebishwa tena 2022 baada ya jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga kupendekeza 2020 kwamba hali itangazwe kuwa janga la kitaifa. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa miongozo ya afya ya akili kazini, 2022. Tarehe 10 Oktoba 2024, siku ya kimataifa, mada ilikuwa mahali pa kazi. Kwa upande wa nyumba, Machi 2024 Rais alitia saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na asilimia 1.5 ya mshahara wa kila aliyeajiriwa inakatwa. Bondeni majengo mapya yameinuka karibu na yale ya zamani. Mjadala wote, redioni, kwa matatu, kwa vikundi vya WhatsApp, umekuwa ni nani atapata nyumba. Ni haki yetu kuuliza, pesa ni zetu. Ila majengo hayajisimamii. Atatafutwa mtu wa kudai malipo, wa kupokea matusi lifti ikikwama, wa kumwambia mama mwenye watoto watatu kwamba muda umeisha. Kuhusu huyo sijasikia mjadala.

Mimi natoka Kihoto, Naivasha, na kwetu hakuna nyumba za kanjo. Kihoto ni neno la Gĩkũyũ, maana yake haki, lakini siyo haki ya karatasi. Ni ile hoja ambayo ukishaelezwa vizuri huwezi kubisha. Jina kubwa kwa mtaa wa mabati na mawe kando ya ziwa. Mashamba ya maua yalipoanza kukua miaka ya 1970 na kuendelea, watu walikuja kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani, kila mahali, na walihitaji pa kulala. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inarudia lile la 1910: mwajiri atoe nyumba au atoe pesa ya kutosha kulipa nyumba. Wengi walipewa pesa, na pesa hiyo ndiyo iliyojenga Kihoto, Karagita na Kamere, ploti baada ya ploti. Serikali haikujenga, kampuni hazikujenga za kutosha, landlodi akajenga, na kazi ile ile ya hedimani wa lokesheni ikampata mtu anayeitwa keateka. Bila cheo, mara nyingi bila mkataba, wengine wanalipwa kwa kulala bure tu.

Keateka wetu ni mzee wa miaka sitini hivi. Mimi ananiita Msomi, na anajua vizuri kwamba niliacha chuo, ndiyo maana ananiita hivyo. Kuna mwaka alifungua mlango wa mpangaji mmoja aliyekuwa kimya siku mbili, deni miezi mitatu. Alikwenda na kufuli mpya mkononi, tayari kuongeza kufuli ya landlodi juu ya mlango. Ndani akamkuta binti amejaribu kujiua, bado anapumua. Walimkimbiza hospitali kwa bodaboda, mzee ameshika kwa nyuma.

Pale aliulizwa kilichotokea. Mzee akasema binti amekula kitu kibaya.

Ukiwa kijana wa siku hizi unaweza kudhani ni aibu ilimfanya aseme hivyo. Alikuwa anaijua sheria. Kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, urithi mwingine wa mkoloni, kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa la jinai. Aliyeokolewa angeweza kutoka wodini kwenda seli, akafungwa hadi miaka miwili. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume na Katiba Januari 2025. Kabla ya hapo, wenye funguo, kwa sababu wao ndio wanaofungua milango ya watu waliokaa kimya, walikuwa na sekunde chache za kuamua waseme nini. Hakuna semina ya kufundisha hilo. Binti yuko hai, alirudi kwao, na mwaka mzima baadaye mzee akawa hawezi kufungua mlango wowote bila kwanza kugonga kwa muda mrefu kupita kiasi. Wapangaji walimcheka. Walisema amezeeka, ameanza kusahau. Aliniambia mimi usiku mmoja kwenye ngazi, kwa sababu nilikuwa nimeuliza swali la kijinga kuhusu historia ya ploti, na akajibu jingine.

Sikumwambia aende kuonana na mtaalamu. Angeacha ploti na nani? Octavia Hill alikuwa na wanawake waliofunzwa, wakashika majumba yake. Mzee ana mimi, na mimi kufuli zinanishinda.

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Limewahi kupanda na kushuka kabla hatujazaliwa; mwisho wa miaka ya 1930 hadi 1950 ndege za kutua majini zilikuwa zikishuka hapo na abiria kutoka Uingereza, wakati kina hakikuwa hata kinaaminika. Mwaka 2020 maji yaliingia Kihoto. Mwaka 2025 yakaja tena, safari hii kwa nguvu. Maelfu wakahama, mwezi wa Oktoba na Novemba watu wakiondolewa kwa boti juu ya barabara walizokuwa wakipita kwa miguu, vyoo vimefurika, viboko wanatembea usiku kati ya nyumba. Mada ya siku ya afya ya akili mwaka huo ilikuwa huduma wakati wa majanga. Ilipangwa na watu ambao Kihoto hawajawahi kuisikia, na ikaangukia mwezi ule ule.

Waliohama walizungumziwa, na ilistahili. Lakini kuna waliobaki nyuma kwa sababu ya kazi: chifu na wazee wake wa mtaa waliokuwa wakiandika majina huku nyumba zao wenyewe zina maji, maafisa wa kaunti waliokuja na gambuti kutukanwa kwa niaba ya serikali nzima, na makeateka. Wapangaji walipoondoka walimwachia mzee funguo. Hakuziomba. Walimwekea tu mkononi, huyu na yule, akazifunga kwa kamba ya viatu, nadhani zilikuwa zaidi ya kumi na tano. Simu yake ilikuwa inalia kutwa. Mpangaji anauliza kama kitanda kimelowa. Landlodi, aliyekaa Nairobi, anauliza nani amelipa.

Daftari lake nimeliona. Ni la kurasa tisini na sita, jalada la buluu, safu amezichora kwa rula: nyumba, jina, kodi, maji, stima, deni. Ukurasa wa Novemba ameuchora kama kawaida. Kwenye nyumba zilizofurika ameandika jina la mpangaji, na kwenye safu ya maji, ambayo ni ya bili, ameandika kipimo: magoti, kiuno, dirisha. Deni ameliacha wazi. Nilimwuliza mbona bado anaandika na hakuna mtu ndani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Msomi," akasema, "hao watarudi. Na wakirudi nitaulizwa."